Kuchora Wakati wa Kafyu: Jicho Lilipata Nini, na Mkono Ulikosa Nini

Miongoni mwa wachoraji wa Nairobi kuna kauli ambayo imerudiwa mara nyingi tangu mwaka 2020, kwamba janga la korona lilitupa muda, na kwamba muda huo ndio uliowafanya vijana wengi wajifunze kuchora. Nimeisikia katika maonyesho, katika mazungumzo ya wanafunzi wa sanaa na hata katika ofisi za wachapishaji. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inaficha jambo kubwa zaidi, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi wa uchoraji wa vielelezo, yaani picha zinazoambatana na maneno, mwaka huo, ningependa kuipima kwa makini. Muda walikuwa nao wengi. Waliopiga hatua, kwa kadiri nilivyoshuhudia, ni wale ambao hali iliwanyima vitu vingi vya kutazama, wakalazimika kukitazama kitu kimoja mara nyingi mpaka kikawaonyesha walichokuwa hawakijui.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zifungwe. Kafyu ya kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza Machi 27. Kuanzia Aprili 6 ilikuwa marufuku kuingia au kutoka katika jiji la Nairobi na viunga vyake, na marufuku hiyo ikadumu hadi Julai 7. Mchana hatukufungiwa ndani kama walivyofungiwa wakazi wa miji mingine duniani. Mtu aliweza kutoka akiwa na barakoa, akaenda dukani au kazini ikiwa kazi bado ilikuwepo. Lakini kazi nyingi hazikuwepo tena. Kwa maelfu ya watu wa mitaa ya Eastlands muda uliopatikana ulikuwa muda wa njaa, na mtu aliyepoteza kibarua akiwa na watoto ndani ya nyumba hawezi kuambiwa kwamba alipewa zawadi ya utulivu wa kuchora. Usiku nao ulikuwa na hofu yake. Machi 30, siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko wakati polisi walipokuwa wakitekeleza amri hiyo. Kiamaiko si mbali na Umoja nilikokuwa nikiishi, na baada ya usiku huo niliacha kwa wiki kadhaa kuketi dirishani na daftari langu. Ninayataja haya kwa sababu simulizi za wasanii kuhusu kipindi kile zimeanza kuwa tamu kupita kiasi.

Nilikuwa nimejiandikisha mwanzoni mwa mwaka katika kozi ya jioni ya uchoraji wa vielelezo kwenye chuo kimoja katikati ya jiji. Tulikuwa tumehudhuria masomo kwa wiki tisa tu milango ilipofungwa. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa ghorofa la jirani, na ndani mlikuwa na kitanda, meza, meko ya gesi, ndoo mbili za maji, kandambili na sufuria tatu. Mwalimu wetu alituma ujumbe kwa simu akiagiza kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani na akichore kila siku kwa muda wa siku 30, kwa penseli, bila kutumia raba. Nikachagua sufuria kubwa, ile ya ugali.

Siku ya kwanza nilichora mdomo wa sufuria kama yai lililolazwa, na kitako chake nikakipa mstari ulionyooka, kwa sababu nilijua kwamba sufuria huketi juu ya kitu tambarare. Hilo ndilo kosa la karibu kila anayeanza: huchora anachokijua na kukiacha anachokiona. Sufuria ikiwa sakafuni nawe umeketi kwenye stuli, duara la mdomo wake huonekana limebanwa, ilhali duara la kitako, kwa kuwa liko chini zaidi ya usawa wa jicho lako, huwa limefunguka zaidi kuliko lile la mdomo. Kwa hiyo mkunjo wa kitako hutakiwa uwe mviringo zaidi, hata kama sehemu yake inayoonekana ni ya mbele tu. Kanuni hiyo tulifundishwa darasani mwezi Februari na nilikuwa nimeiandika vizuri daftarini. Niliiona kwa macho yangu siku ya kumi na moja. Kati ya kuijua kanuni na kuiona kulikuwa na michoro kumi mibaya, na sidhani kuna njia ya mkato ya kuiruka michoro hiyo.

Baada ya umbo ikaja mwanga. Alumini ni mwalimu mkali, kwa maana haina rangi ya kujificha nyuma yake. Upande wa dirishani ulipokea mwanga mweupe, kisha ukafuata ukanda mpana wa kijivu, kisha ukanda mwembamba wa giza, na ukingoni kabisa, mahali ambapo nilitarajia giza liwe zito kuliko kote, mwanga ulirudi tena kwa uhafifu kutoka kwenye ukuta uliopakwa rangi ya maziwa. Mwanga huo wa kurudi ndio unaoipa sufuria unene karatasini. Mwanafunzi akiusahau, sufuria yake hugeuka kuwa bati lililokunjwa nusu. Kufikia siku ya ishirini nilikuwa nikichora hata mibonyeo ya pembeni, na kila mbonyeo ulikuwa na mwanga na kivuli vyake, vikiwa vimepinduka kinyume cha vile vya sufuria nzima.

Mwalimu alituongezea zoezi jingine, lile lililoenezwa na Kimon Nicolaïdes, ambaye alifundisha uchoraji mjini New York hadi alipofariki mwaka 1938. Katika zoezi hilo macho hubaki kwenye kitu, penseli hutembea karatasini polepole kwa mwendo uleule wa jicho, na mchoraji hatakiwi kuitazama karatasi mpaka amalize. Mchoro unaotokea huwa umepinda, mistari haikutani, na mtu asiyejua kusudi lake atadhani ni kazi ya mtoto mdogo. Manufaa yake yapo kwenye mwendo wenyewe. Jicho huzoea kupita ukingoni mwa kitu bila kuruka, na mkono huzoea kulifuata jicho badala ya kufuata mazoea yake. Nilichora mkono wangu wa kushoto kwa njia hiyo kila usiku baada ya saa moja, wakati mtaa mzima ulikuwa umenyamaza, na ninaamini kwamba ndizo dakika 20 zilizonifaa kuliko zote katika mwaka ule.

Wenzangu wengi hawakuwa na subira ya sufuria, wala siwalaumu. Waligeukia video za mafunzo, ambazo zilikuwa nyingi na nzuri, na ambazo zilieleza mambo ambayo sisi hatukuwa tumeyafikia: jinsi ya kuujenga mwili wa binadamu kwa maumbo ya masanduku na mapipa, jinsi misuli ya bega inavyofunika mfupa, jinsi ya kupanga tabaka za rangi katika programu kama Krita, ambayo mtu huipakua bila malipo. Ugumu wa kwanza ulikuwa bando. Video ndefu moja iliweza kumaliza bando la siku nzima, na mwanafunzi aliyekuwa akitazama kupitia simu kwa saa kadhaa alimaliza siku akiwa ametazama sana na kuchora kidogo. Ugumu wa pili ulikuwa wa ndani zaidi. Wengi wa walimu wale walikuwa wakitazama miji yao, miili ya watu wao na mwanga wa kwao. Tulipoanza kuonyeshana kazi katika kundi letu la WhatsApp mwezi Mei, niliona jambo lililonisumbua sana: vijana wa Dandora na Kayole walikuwa wakichora barabara zenye miti inayopukutisha majani mekundu, nyumba zenye dohani juu ya paa, na wasichana wenye macho makubwa ya katuni za Kijapani. Mmoja wetu alichora kituo cha basi kwa ustadi mkubwa, mistari yake ikiwa safi kuliko yangu kwa mbali, lakini hapakuwa na konda mlangoni, hapakuwa na mchuuzi wa njugu, na abiria walipanga foleni kimya kimya kwenye kibao. Alikuwa amepanda matatu maisha yake yote.

Hapa Nairobi swali la kuiga si geni. Elimo Njau, ambaye ni miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mwaka 1965, amejulikana kwa miaka mingi kwa onyo lake kwamba mtu asiige, kwa kuwa kuiga humlaza Mungu usingizi. Onyo hilo nimelitafakari mara nyingi, na ingawa ninaliheshimu, naona linahitaji kuwekewa mpaka. Vincent van Gogh alipoamua kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa katika eneo la machimbo ya makaa ya mawe la Borinage nchini Ubelgiji, alijifunza kwa kunakili tena na tena kurasa za mazoezi za mchoraji Mfaransa Charles Bargue. Alijifundisha kwa sehemu kubwa peke yake, kwa fedha kidogo, na kwa hiyo hali yake haikuwa mbali na yetu. Lakini katika kipindi hichohicho alikuwa akiwachora wachimbaji waliokuwa wakienda kazini, na kile alichokipata kwenye kurasa za Bargue alikipima kwenye migongo ya watu wale. Kunakili kunafaa pale mwanafunzi anapotaka kujua mwenziwe alitatuaje tatizo fulani la mstari au kivuli, mradi tu arudi na jibu hilo kwenye kitu kilicho mbele yake. Kundi letu lilikuwa linakwenda bila kurudi. Kafyu ilimfungia kila mmoja wetu pamoja na vitu halisi ambavyo hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuvichora, nasi tukavipa mgongo.

Sababu ya jambo hili ni ya zamani kuliko korona. Wengi wetu tulipitia shule za msingi za mfumo wa elimu wa 8-4-4 baada ya somo la sanaa kuondolewa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kila aliyesoma wakati huo anajua kwamba somo lisilotahiniwa hugeuzwa kuwa kipindi cha hisabati. Tulikua tukiamini kwamba kuchora ni kipaji cha mtoto mmoja darasani, yule anayejua kunakili picha ya gari kutoka gazetini ikafanana. Hakuna aliyetuambia kwamba kutazama hufundishwa.

Mpaka hapa nimezungumzia kuchora kwa jumla, ilhali kozi yangu ilikuwa ya vielelezo, na vielelezo vina masharti yake. Kielelezo hufanya kazi pamoja na maneno. Mchoraji hupewa mswada, huelezwa ukurasa una nafasi kiasi gani na msomaji ana umri gani, kisha huamua ni kipi katika sentensi kionekane na kipi kiachiwe maneno. Mhusika aliyevaa sketi ya marinda katika ukurasa wa 3 lazima atambulike kuwa ni yuleyule katika ukurasa wa 19, hata akiwa ameinama, amegeuka au analia. Mtaala wa Umilisi (CBC), uliokuja kuchukua nafasi ya 8-4-4, ulipoanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, kuanzia madarasa ya chekechea hadi Gredi ya 3, vitabu vya watoto wadogo vilihitajika upya, na vitabu hivyo hubebwa na picha. Mtoto wa Gredi ya 1 husoma picha kabla hajasoma neno. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba mtindo mzuri unatosha.

Chukua sentensi fupi kama hii: mama alikwenda sokoni kununua mboga. Mchoraji asiyetazama atachora mwanamke mwenye kikapu mbele ya meza yenye karoti. Mchoraji aliyetazama atajiuliza leso imefungwa vipi, mkoba ni wa aina gani, nyanya zimepangwa kwa mafungu ya ngapi, kibanda kimesimamishwa kwa miti au kwa vyuma, na kivuli cha turubai kinaangukia wapi saa tatu asubuhi. Marehemu Edward Gitau, aliyechora vibonzo vya Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi, alitumia mistari michache sana, lakini wasomaji walimtambua mtu wao ndani ya mistari hiyo, na mtu haweki mistari michache mahali pake kama hajatazama mambo mengi.

Soko nililoweza kulichora mimi mwaka ule lilikuwa kibanda kimoja chini ya ghorofa letu. Mama mboga wetu alifungua alfajiri mara tu watu waliporuhusiwa kutoka, akafunga kabla ya saa kumi na mbili jioni ili asikutwe njiani na kafyu. Nilimwomba ruhusa nimchore, akakubali kwa sharti kwamba nisimzibie wateja. Nilikaa kwenye kreti la soda, umbali wa hatua chache, kila asubuhi kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza nilijivunia mchoro mmoja uliomwonyesha akikata sukuma wiki, nikampelekea auone. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

“Kijana, mimi sikati hivi,” akaniambia. “Hapa umenichora kama mtu wa bucha anayekata nyama juu ya gogo. Hebu tazama.”

“Nionyeshe, Mama,” nikamjibu.

Alichukua majani kama kumi, akayapanga bua kwa bua, akayakunja yakawa fungu zito, akalishika fungu hilo hewani kwa mkono wa kushoto huku kidole gumba kikilibana, na kisu kikawa kinapita mbele ya ngumi yake kwa kasi, nyuzi nyembamba za kijani zikianguka ndani ya beseni. Hapakuwa na ubao wala meza. Nilikuwa nimemtazama kwa siku sita, nikachora mkono ambao haukuwepo, kwa sababu kichwani mwangu kulikuwa na picha ya zamani ya mtu anayekata mboga, na picha hiyo ilitoka katika vitabu nilivyosoma utotoni. Hakuna mwalimu aliyenisahihisha vizuri kuliko mama yule, na alinisahihisha kwa jambo ambalo hakuna video yoyote ingenieleza.

Hadithi ya mkono huo ina mkia. Mwaka uliofuata nilipopata kazi yangu ya kwanza ya kitabu, kisa kilihusu mama anayeuza mboga, nami nikaupeleka mkono ule kwa fahari. Mhariri aliurudisha. Alisema mtoto wa miaka sita akiona kisu kikipita mbele ya ngumi atajaribu nyumbani, na kwamba waidhinishaji wa vitabu hawatakubali. Nilikasirika kwa siku mbili, kisha nikatambua kwamba alikuwa na haki, kwa sababu picha ile haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa ya msomaji yule mdogo. Tukaafikiana kwamba mama achorwe akiwa ameshalikunja fungu mkononi, kisu kikiwa bado ndani ya beseni. Mtu wa Nairobi akiiona picha hiyo anajua nini kitafuata, na mtoto hajafundishwa hatari. Naona hapo ndipo ufundi wa vielelezo unapoanza, baada ya kutazama kukamilika, katika kuamua ni sekunde ipi ya tendo iwekwe kwenye karatasi. Uamuzi wa aina hiyo haupatikani na mtu asiyezijua sekunde zenyewe.

Barakoa nazo zilikuwa darasa, ingawa darasa lisilopendeza. Kuanzia Aprili nyuso zote barabarani zilikuwa nusu. Sisi wanafunzi tulikuwa tumezoea kueleza furaha na huzuni kwa mdomo, kwa kuwa mdomo ni rahisi: ukiupinda juu mtu anacheka, ukiupinda chini amenuna. Mdomo ulipofichwa ilitubidi tujifunze jinsi kope la chini linavyopanda mtu anapotabasamu kwa kweli, jinsi nyusi zinavyokaribiana, na zaidi ya yote jinsi mabega yanavyosema. Mtu aliyechoka kwenye matatu ya abiria 14 iliyoruhusiwa kubeba wanane, akiwa na kiti kitupu pembeni yake, alionekana amechoka hata ukimchora kwa nyuma. Michoro yangu ya watu ilipata uhai zaidi katika miezi hiyo kuliko katika wiki tisa za darasani.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo chumba kimoja hakiwezi kufundisha, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba kozi za uchoraji zingeweza kubaki za mbali moja kwa moja. Mwalimu wetu aliona picha za simu za michoro yetu. Simu ikishikwa karibu hupinda mistari ya pembeni, vivuli vya penseli hugeuka kijivu kimoja, na mara nyingi alitusahihisha makosa yaliyotokana na kamera. Zaidi ya hayo, aliona matokeo bila kuona tendo. Darasani mwalimu hupita nyuma ya mwanafunzi akaona kwamba anachora kwa kifundo cha mkono ilhali mstari huo mrefu unataka bega lizunguke. Huona kwamba macho yake yanakaa karatasini kwa muda mrefu na kukitazama kitu kwa kitambo kidogo tu. Makosa hayo hayaonekani katika mchoro uliomalizika, au yanaonekana kama udhaifu usio na jina. Mimi mwenyewe nilirudi darasani nikiwa nimezoea kukaza penseli karibu na ncha, tabia iliyokua kwa miezi bila mtu kuiona, na ilinichukua karibu muhula mzima kuilegeza.

Tulikosa pia umati. Mchoro wa haraka, ule wa nusu dakika wa kunasa mwendo wa mwili, unahitaji miili inayotembea, na Nairobi kwa kawaida ni karamu ya miili hiyo: wabeba mizigo wa Gikomba, wakwea matatu wa barabara ya Tom Mboya, watoto wanaotoka shule saa tisa unusu. Mwaka ule nilipata saa moja tu ya namna hiyo kwa siku, nayo ilikuwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, nikiwa juu ya paa kati ya kamba za nguo, watu wakikimbilia nyumbani. Michoro ya saa ile ninayo hadi leo. Kila mtu ndani yake ameegemea mbele.

Wala kafyu haikuwa sawa kwa wanafunzi wote. Mwenzetu mmoja wa Kariobangi alirudi kuishi na wazazi wake katika vyumba viwili, akiwa kifungua mimba wa watoto watano, na shule zilipofungwa kazi ya kupika, kufua na kuwasimamia wadogo zake wakati wa vipindi vya masomo vya redioni ilimwangukia yeye. Hakuwa na bando, hakuwa na meza, na kwa wiki nyingi hakutuma chochote kwenye kundi. Tulidhani ameacha. Mwezi Agosti alituma picha za daftari la shule la kurasa 96, lililojaa wadogo zake wakiwa wamelala, kwa kuwa usiku ndio uliokuwa saa yake pekee. Mtu aliyelala hakai kwa ajili yako, lakini pia hatoroki. Alikuwa amechora miguu iliyopishana, mdomo uliofunguka, kichwa cha mtoto juu ya tumbo la mwenziwe, blanketi likieleza goti lililo chini yake. Ile ndiyo kazi bora iliyotoka katika darasa letu mwaka ule, na ilitoka kwa mtu aliyekuwa na muda mdogo kuliko sisi sote. Kila ninapoisikia ile kauli kuhusu muda, nalikumbuka daftari lile.

Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 4, 2021, na kafyu ikaondolewa Oktoba 20 mwaka huo. Nilitarajia kwamba vyuo vyetu vingebaki na kile kilichofanya kazi. Katika madarasa niliyoyatembelea tangu hapo nimeona kinyume chake: wanafunzi wanaanza na tableti katika wiki ya pili, wanachora kutoka kwenye picha za mtandaoni, na kitabu cha michoro kimekuwa kitu cha kuonyesha siku ya tathmini. Wachapishaji nao hutoa muda mfupi kiasi kwamba mchoraji wa vitabu hulazimika kuchora soko bila kwenda sokoni. Siku hizi zipo pia programu zinazotengeneza picha kwa kuandikiwa maneno tu, na soko zinazolitengeneza lina kasoro ileile ya vijana wa kundi letu, kwa kuwa limetokana na picha nyingine na halikutokana na soko lolote.

Ninayopendekeza hayahitaji fedha nyingi. Chuo kinachopokea wanafunzi wa vielelezo kiwatake walete michoro ya kitu kimoja cha nyumbani kwao, iliyochorwa kwa siku 30 mfululizo, yote ikiwa na tarehe na bila hata mmoja kuondolewa, na walimu waisome jinsi mtu anavyosoma barua, wakitafuta siku ambayo jicho lilifunguka. Muhula wa kwanza usiwe na tableti. Mchapishaji anayeagiza kitabu cha picha aongeze katika mkataba siku tatu za malipo kwa ajili ya kutazama, na mchoraji awasilishe michoro ya siku hizo pamoja na rasimu ya kwanza, ili mhariri ajue mkono uliochorwa ulionekana wapi. Nami ningependa michoro hiyo ionyeshwe kwanza kwa wenye mikono, kabla ya kufika mezani kwa mhariri. Mama mboga wetu bado yuko palepale Umoja, na kila ninapompelekea ukurasa mpya huufuta mkono wake kwenye leso kabla ya kuushika.